Kabla Fundi Hajapima Dirisha

Mshumaa ndio ulionisuta. Tuliuweka kwenye kizingiti cha dirisha la chumba cha kulala kwa ajili ya usiku umeme ukikatika. Wiki moja baada ya kuhamia nikaukuta umepinda, kichwa kimelalia marumaru, na utambi wake haujawahi kuona kiberiti. Dirisha lile linatazama magharibi. Ni la alumini, la slaidi, futi tano kwa nne, vioo vya buluu vinavyometameta kwa nje. Nililichagua mwenyewe kwa sababu jirani alikuwa na la namna hiyo na nyumba yake ilipendeza ukiiona kutoka barabarani. Siku ya kupima, fundi aliniuliza swali moja tu: "Rangi gani, mzee?" Nami nikamjibu hilo hilo moja.

Mama alipokuja kututembelea kutoka Tanga alilala chumbani humo usiku mmoja. Wa pili nikamkuta amehamishia godoro koridoni, mlango wa jikoni ameuacha wazi, kwa kuwa huko ndiko kulikuwa na upepo. Hakusema kitu. Mwezi uliofuata nikanunua kiyoyozi.

Naandika haya kwa ajili ya wale ambao bado hawajafika nilipofika mimi. Pita Chanika, Goba, Kibaha au Kigamboni Jumapili yoyote uone maboma yaliyopauliwa yakisubiri awamu inayofuata: matundu ya madirisha yamezibwa kwa matofali yaliyopangwa bila udongo, mengine kwa mabati ya zamani, mengine kwa turubai la lori. Mwenye nyumba anaona aibu, anaona bado hajamaliza. Ndugu yangu, tundu hilo usilionee aibu. Hapo ndipo mahali pekee katika nyumba yako ambapo bado unaweza kubadili mawazo bila kuvunja ukuta, na uamuzi utakaoufanya hapo utaishi nao miaka thelathini, wewe na hewa tunayovuta sote.

Tukizungumzia hewa ukaa, wengi wetu tunafikiria magari na viwanda. Lakini nyumba nayo ina hesabu yake, na ya dirisha huanza kabla hujaliona. Alumini hutokana na madini ya bauksiti, na kuipata kunakula umeme wa kutisha: kama uniti 14,000 kwa tani moja. Kwa mteja wa kawaida wa mjini, ambaye shilingi 10,000 humpa uniti 28 hivi kwenye Luku, umeme huo ungemgharimu shilingi milioni 5. Zaidi ya nusu ya alumini ya dunia hutengenezwa China, na sehemu kubwa ya umeme wake inatokana na makaa ya mawe. Kwa wastani wa dunia, tani moja ya alumini mpya imeshaacha nyuma yake takriban tani 15 za hewa ukaa. Kwa hiyo fremu ya kilo 10 inapofika kwako imebeba kilo 150. Ongeza kioo, ambacho mchanga wake huyeyushwa kwenye tanuri la nyuzi 1,500 na zaidi, upate kilo nyingine 30 hivi. Nyumba ya madirisha kumi ya aina hiyo inakaribia tani 2. Mtanzania wa kawaida, ukijumlisha mafuta na gesi na umeme wake wa mwaka mzima, hafikishi hata nusu tani.

Usiishie hapo ukasema basi tatizo ni alumini. Hiyo tani 2 inalipwa mara moja. Linalolipwa kila siku ni joto.

Jua la saa kumi jioni halitoki juu, linakuja limelala na kupiga ukuta wa magharibi usoni. Kila mita ya mraba ya ukuta huo inaweza kupokea wati 600 hadi 700. Kioo cheupe hupitisha karibu robo tatu ya joto hilo, au zaidi. Kwa dirisha la futi tano kwa nne, ni sawa na kuchomeka pasi ya umeme chumbani na kuiacha inawaka kuanzia saa tisa mpaka jua linazama. Kile cha buluu changu kinapunguza kiasi, lakini chenyewe kinaota moto na kuurudisha ndani. Weka kiganja uone. Pazia nalo halisaidii sana, hata liwe zito vipi, maana jua likifika kwenye pazia limeshapita kwenye kioo. Joto limekwisha kuingia ndani, linazunguka humo humo.

Ndipo kinapoingia kiyoyozi. Cha kawaida cha chumba kinavuta umeme kama kilowati 1 kinapokuwa kazini. Tuseme kinakula uniti 5 kwa usiku: shilingi 10,000 inakwisha kabla siku ya sita haijaisha, hapo friji na pasi bado. Nimesikia watu wakisema sasa umeme wetu ni wa maji, Bwawa la Nyerere kule Rufiji lina megawati 2,115, tuwashe tu. Ni kweli bwawa limetusaidia tangu mitambo ya kwanza ilipoanza kuzalisha mwaka 2024. Lakini Kinyerezi na Ubungo bado gesi inachomwa, na mgawo wa mwishoni mwa 2022 ulitukumbusha kuwa mvua haina mkataba na mtu. Tena kuna jambo ambalo bwawa haliligusi kabisa: gesi iliyo ndani ya kiyoyozi chenyewe. Viyoyozi vingi vilivyofungwa mjini vina gesi ya R-410A. Kilo 1 ya gesi hiyo ikivuja, inapasha dunia joto sawa na zaidi ya tani 2 za hewa ukaa. Soma tena. Kilo moja ni sawa na madirisha yote kumi ya alumini. Kila mara fundi anapokuja "kuongeza gesi", jiulize ile ya kwanza ilikwenda wapi. Ndiyo maana mataifa yalikutana Kigali, hapo kwa jirani zetu Rwanda, Oktoba 2016, yakakubaliana kupunguza gesi za jamii hiyo hatua kwa hatua. R-32, inayokuja kwenye mashine mpya, ina kama theluthi ya madhara ya R-410A. Ni nafuu, si salama.

Kwa hiyo dirisha zuri la pwani ni lile litakalokufanya usinunue kiyoyozi, au ukiwa nacho ukiwashe siku chache za Februari tu. Hilo ndilo ninalokuja kukuomba.

Binamu yangu anaishi Hamburg na anajenga Kigamboni. Mwaka jana alinitumia picha za madirisha ya vioo viwili, gesi katikati, muhuri wa kiwango umebandikwa pembeni, akaniuliza gharama ya kontena. Nilimpigia simu tukafanya hesabu pamoja. Hamburg wakati wa baridi nje kuna nyuzi 0 na ndani 20. Joto linatoroka kupitia kioo kimoja kama wati 115 kwa kila mita ya mraba, usiku na mchana, miezi kadhaa. Hapo kioo cha pili ni lazima, na gharama yake ya hewa ukaa inarudi upesi. Kigamboni nje kuna nyuzi 31, ndani, kiyoyozi kikiwaka, 25. Tofauti ya nyuzi 6 inapitisha wati 35 tu. Kioo cha pili kitakuokolea nusu ya hizo 35, wakati jua la magharibi linakumwagia 500. Alicheka, akasema, "Kumbe nilitaka kununua koti la baridi." Kontena halikuja. Pesa hizo zimejenga varanda.

Kivuli cha nje ndicho kioo chetu cha pili. Wazee wa mwambao walilijua hilo bila kupimapima wati. Mji Mkongwe wa Zanzibar na Lamu zina kuta nene za mawe ya matumbawe, na madirisha mengi ya Zanzibar yana shata za mbao zenye vipande vilivyolazwa mshazari: jua linakwama, upepo unapita, na aliye ndani anaona barabarani bila kuonekana. Nyumba za zamani za Oysterbay zina mapaa yanayotoka mbali kuliko ukuta. Sisi tumekuja na mtindo wa paa lililofichwa nyuma ya ukuta, nyumba imenyooka kama sanduku, hakuna hata shubiri moja ya kivuli juu ya dirisha. Nakiri inapendeza kwenye picha. Lakini anayeuza ramani hiyo hiyo kwa mtu wa Mbagala na wa Mafinga anatuuzia picha tu.

Kwa Dar es Salaam hesabu ya jua ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Kuanzia mwanzoni mwa Machi hadi Oktoba, jua la adhuhuri liko upande wa kaskazini. Miezi iliyobaki liko kusini. Mwezi Juni, linapokuwa mbali zaidi kaskazini, bado liko juu kiasi kwamba paa likitoka sentimeta 70 nje ya ukuta, juu tu ya dirisha, linafunika dirisha lote la futi nne saa sita mchana. Upande wa kusini, Desemba, sentimeta 40 zinatosha. Kwa hiyo weka madirisha makubwa kaskazini na kusini, paa liyafunike, na umemaliza nusu ya kazi bila kununua kifaa chochote. Mashariki na magharibi weka madogo, au weka choo, stoo, ngazi. Kama kiwanja hakikuruhusu, na viwanja vyetu vingi vya ishirini kwa ishirini havina adabu, basi magharibi panahitaji kitu kilichosimama wima: shata ya nje, fito za mbao zenye mmea wa kutambaa, mwembe, mwarobaini. Paa peke yake haliwezi kuzuia jua lililolala.

Kisha upepo. Pwani tuna bahati ambayo watu wa bara wanatuonea wivu: kusi inavuma kutoka upande wa kusini-mashariki kuanzia Aprili hivi mpaka Septemba, kaskazi inatuletea hewa ya kaskazini-mashariki Desemba hadi Machi, kipindi kile kile cha joto kali. Hewa ikitembea taratibu, mita moja kwa sekunde, mwili unahisi kama joto limeshuka nyuzi 3 hivi. Lakini upepo hauingii chumba usichoweza kutoka. Kila chumba cha kulala kikiweza kupata matundu kwenye kuta mbili, au tundu juu ya mlango wa ndani, godoro la mama halitahamia koridoni.

Na hapa ndipo slaidi inapotuibia. Hata uifungue vipi, kipande kimoja kinajificha nyuma ya kingine. Unalipia dirisha zima, unapata upepo wa nusu. Dirisha la bawaba hufunguka lote. Luva, zile za vipande vya vioo tulizozidharau kwa sababu zilikuwa kwenye nyumba za babu, hufunguka karibu lote, tena hata mvua ikinyesha unaweza kuacha upenyo. Kasoro zake nazijua: mwizi anachomoa vioo, vumbi linapita hata ukizifunga, ukiwasha kiyoyozi zinavujisha ubaridi. Ndiyo maana siziagizi kila mahali. Sebuleni na chumbani, nyuma ya nondo imara, sijaona kinachozishinda.

Nondo na wavu wa mbu si mapambo. Watu wengi hawafungi madirisha usiku kwa kupenda. Wanaogopa mwizi na mbu. Dirisha lisiloweza kubaki wazi saa nane usiku halina faida hata lingekuwa la dhahabu. Weka nondo unazoziamini. Weka wavu mzuri, na kwa kuwa wavu wenyewe hupunguza upepo, ongeza ukubwa wa tundu ufidie. Halafu uoshe. Nenda sasa hivi upitishe kidole kwenye wavu wa dirisha lako la sebuleni. Kikija na utando mweusi kama masizi, ujue nusu ya upepo unaoulalamikia imeishia hapo.

Hili si la nyumba za wenye uwezo tu. Kijijini Magoda, wilayani Muheza, wataalamu walijenga nyumba 6 za majaribio zenye kuta nyepesi zinazopitisha hewa, za mianzi, mbao na neti za kivuli. Zilikuwa na ubaridi wa takriban nyuzi 2 zaidi ya nyumba za kawaida za jirani, na mbu walioingia walikuwa wachache zaidi. Wazo hilo likapelekwa vijijini Mtwara, ambako zimejengwa nyumba 110. Ukuta wote umefanywa dirisha, ndivyo unavyoweza kusema.

Walio nyanda za juu wasinisome kama nawaamuru wafungue kila kitu. Njombe, Makete au Limuru, Julai, shida ni kinyume: dirisha linapitisha baridi, kisha jiko la mkaa linaingizwa ndani na milango inafungwa, na kila mwaka familia zinapoteza watu kwa hewa ya sumu isiyo na harufu. Huko dirisha kubwa likae kaskazini lipokee jua la Juni, fremu izibwe nyufa kwa mpira, na usiku zifungwe shata za mbao. Kioo cha pili huko kinaweza kuwa na maana. Jiko la mkaa chumbani halina maana popote.

Sasa fremu. Mbao kavu inahifadhi ndani yake kaboni ambayo mti uliivuta hewani: mita moja ya ujazo hufungia karibu tani nzima ya hewa ukaa kwa muda wote mbao hiyo inaposimama. Seremala wa Keko anaweza kukutengenezea dirisha la bawaba la msaji lililo imara kuliko unavyofikiri. Lakini omba uone kibali na alama ya nyundo ya watu wa misitu. Mninga uliovunwa usiku hauokoi chochote. Msaji wa mashamba, kama ule wa Longuza kule Muheza, hupandwa tena. Paka mafuta au rangi, rudia kila baada ya miaka michache, mchwa wasikukute umelala. Ukiamua alumini, kwa sababu ya chumvi ya bahari au bajeti, hakuna ugomvi: uliza kama kuna fremu zilizotoka kwenye nyumba iliyobomolewa, na siku yake ikifika mwisho, iuze kwa wanunuzi wa chuma chakavu, isiende jalalani. Kuyeyusha alumini iliyokwisha tumika kunahitaji kama asilimia 5 tu ya nguvu ya kutengeneza mpya. Masufuria ya kusubu yanayouzwa sokoni yamekuwa yakitufundisha hilo miaka yote.

Na aliyekwisha kuhamia, kama mimi? Usivunje. Hewa ukaa ya dirisha lililopo imeshalipwa. Kulitupa ili ununue "la kisasa" ni kulipa mara mbili. Mimi fremu zangu zimebaki pale pale. Seremala alinitengenezea shata mbili za mshazari zinazofungwa kwa nje upande wa magharibi, kwa mbao zilizobaki kwenye kupaua. Nje nimepanda mwarobaini, sasa umefika usawa wa lenta. Feni ya darini inayokula wati 60 au 70 ndiyo inayofanya kazi usiku mwingi. Kiyoyozi kimebaki ukutani. Kuna siku za Februari nakiwasha, sijifanyi mtakatifu. Nikiri pia kwamba paa la bati lisilo na dari nzuri linaleta joto kuliko madirisha yote, lakini hilo nalo lina siku yake.

Ombi langu kwa wachora ramani ni dogo: mshale wa kaskazini uwekwe kwenye kila karatasi, na mteja aelezwe maana yake. Kwa maofisa wa halmashauri wanaotoa vibali vya ujenzi: mkiuliza umbali wa choo na mpaka wa jirani, ulizeni pia chumba cha kulala kinatazama wapi. Kwa mafundi alumini, ambao mnaingia kwenye nyumba nyingi kuliko mhandisi yeyote, ongezeni swali la pili baada ya lile la rangi. Kwa wenye nyumba za kupangisha: mpangaji ndiye anayelipa Luku, najua, lakini chumba kinachopumua hakikai wazi mwezi mzima kikisubiri mtu. Na serikali za mitaa zikigawa miche msimu wa mvua, pandeni upande wa magharibi wa nyumba, si getini tu kwa ajili ya picha.

Wewe mwenye boma, nenda Jumamosi hii saa kumi jioni. Chukua penseli na kiti. Toa matofali kwenye matundu, yote, hata yale ya nyuma. Kaa katikati ya kila chumba dakika kumi. Jua linapofika, chora mstari ukutani na sakafuni. Upepo unapogusa shingo, weka mshale. Ukiweza rudi asubuhi saa mbili ufanye upande wa mashariki. Fundi akija kupima Jumatatu, mpeleke kwanza kwenye hiyo mistari.